Mimba Zisizoandikwa

Zahanati ya Mwandutu,
Kata ya Sapiwi.
16 Januari 2025

Mwanangu Ngassa,

Mwangaluka. Huku tupo, tunapumua. Baba yako miguu inamsumbua lakini ng'ombe anawafuata mwenyewe, hasikii la mtu.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu huku ni mpaka upande juu ya lile jiwe la karibu na kisima, na pale juu wapo watu kumi kila saa wanatafuta mtandao, masikio yote yamesimama. Nikisema neno saa tatu, saa nne limefika Sapiwi. Barua nampa Mwandu, dereva wa gari la chanjo, anayekuja Alhamisi moja kwa mwezi. Ya kwako ukiwa na haraka wape hawa vijana wa pikipiki wanaoleta dawa.

Jambo lenyewe ni hili. Juzi tumeletewa karatasi kutoka mradi wenu wa kutuza zahanati. Ina jedwali, ina rangi. Sisi tumepakwa nyekundu na chini imeandikwa "Utendaji: chini ya matarajio." Nilisoma mara tatu, nikamwita Jenifer naye asome, nikidhani ni miwani yangu. Matarajio ya nani? Nina miaka ishirini na sita kwenye uuguzi, kumi na moja hapa hapa, na sikumbuki mtu aliyekuja kuniuliza mimi natarajia nini.

Jenifer humjui. Ni muuguzi wa mkataba, mtoto wa Mkula huko Busega, ana mwaka na nusu hapa. Serikali bado haijamwajiri, analipwa kwa hiyo hiyo tuzo ya mradi, na mkataba wake unaisha Juni. Karatasi inasema zahanati nyekundu haipati tuzo robo hii ya mwaka, na ikibaki nyekundu robo inayofuata inatolewa kabisa. Kabla Jenifer hajaja nilikuwa peke yangu. Kuzalisha mimi, chanjo mimi, kufagia mimi. Nina miaka hamsini na sita, mgongo umechoka, nami nimechoka pamoja nao. Akiondoka yule binti sijui nitafanyaje, nasema kweli.

Baba yako ananiambia mashine inayogawa hizi alama ni wewe uliyeitengeneza. Nikamwambia haiwezekani, Ngassa ninayemjua mimi alikuwa akiona sindano anakimbilia kwenye mahindi. Basi nijibu. Mashine yako imeona nini hapa kwetu?

Shangazi yako,
Klementina


Bariadi,
24 Januari 2025

Shangazi Klementina,

Shikamoo. Barua yako nimeipata, na nimefurahi kuona mwandiko wako ingawa habari zenyewe si za kufurahisha.

Ni kweli, ile modeli nimeijenga mimi na wenzangu wawili. Sikukuambia kwa sababu tulikatazwa kuzungumza na vituo. Lakini naomba uielewe kabla hujaichukia. Zamani kila kituo kilipimwa kwa idadi tupu. Kituo cha mjini kina lami mpaka mlangoni, kinazalisha kina mama mia, kinapewa tuzo. Wewe mvua ikinyesha hata punda hapiti, unazalisha kumi na tano, unaambiwa huna juhudi. Niliona si haki, na nilipokuwa naijenga nilikuwa nakufikiria wewe. Sasa kompyuta inachukua idadi ya watu, umbali, mvua, umri wa kina mama, idadi ya wahudumu, halafu inakisia: zahanati ya namna hii ingetegemewa kufanya kiasi gani? Ukipita kile kiasi unatuzwa, hata kama ni kidogo kuliko cha mjini.

Nimeangalia ya kwako mstari kwa mstari. Kuzalisha uko juu ya makisio. Chanjo uko juu. Kinachokuangusha ni kitu kimoja, wajawazito wanaoanza kliniki kabla ya wiki ya kumi na mbili. Modeli ilikisia utapata arobaini katika kila mia. Una watatu.

Unisamehe kwa kusema, lakini labda uhamasishaji umepungua. Umri nao unachangia. Jenifer anaweza kuzunguka mnadani na kipaza sauti, awaambie kina mama waje mapema.

Msalimie baba, mwambie apumzishe miguu.

Mwanao,
Ngassa


Mwandutu,
20 Februari 2025

Ngassa,

Umri nao unachangia. Nimemsomea Jenifer hiyo sehemu, amecheka mpaka akaweka chini sinia la dawa. Mimi sikucheka. Wiki ile nilizalisha wanne, mmoja kwenye mkokoteni nje ya geti kwa sababu ng'ombe waligoma kuingia.

Sasa nisikilize. Wanakuja. Wanawake wa Mwandutu wanakuja wiki ya sita, ya nane, ya tisa. Mmoja analeta mtoto mwenye kikohozi ambacho hakipo. Mwingine anasema amekuja kuomba chumvi. Nafunga mlango wa stoo ya dawa, nampima, nampa vidonge vya folik na vya damu, anavifunga kwenye pindo la khanga, anaondoka. Siwaandiki kwenye rejesta, na ndiyo maana mashine yako haiwaoni.

Umezaliwa hapa, ingawa umesahau. Mimba changa haitangazwi. Mpaka mama mkwe aseme mwenyewe kwa mdomo wake kwamba mkamwana ni mzito, na hapo ni mwezi wa tano, hakuna anayeitaja, hata mume anajifanya hajui. Wanaogopa husuda, wanaogopa kurogwa. Mimi ni Mkatoliki, hayo siyaamini, lakini sijapewa dawa ya kuwatoa hofu. Na rejesta yetu inakaa mezani, chumba cha kuhudumia ni kimoja, anaipekua mhudumu wa jamii, anaipekua mwenyekiti akija na wageni. Mwaka wangu wa kwanza niliwaandika siku hiyo hiyo, kama tulivyofundishwa. Miezi mitatu hakuja hata mmoja. Nikaacha. Mwezi wa tano wakishatangazwa ndipo nawaandika, na kwa mashine yako hiyo ndiyo mara ya kwanza.

Nina daftari langu dogo. Humo hakuna majina, kuna miji, yaani kaya kwa alama zake. Mji wa minyaa miwili. Mji wa bati jipya. Mji wa kisima kilichokauka. Tarehe, wiki, vidonge. Nyanjige, mke wa Salu, yule jirani yenu wa zamani, ameshaharibikiwa mimba mbili. Huyo akihisi tu mwezi umepita anakuja kwangu, hata mama yake mzazi hajui.

Sasa niambie kipaza sauti cha mnadani kitafanya nini hapo.

Klementina


Bariadi,
27 Februari 2025

Shangazi,

Shikamoo, na naomba radhi kwa lile neno la umri. Nimelisoma tena nikaona haya.

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko ripoti yoyote ya mwaka huu. Unajua umeniambia nini? Kwamba modeli haijakosea kukisia. Ilisema kwa zahanati yako watakuja wengi mapema, na kweli wanakuja. Kinachokosekana ni daftari lako.

Naomba uniletee. Mpe Mwandu mwezi ujao, ulifunge kwenye bahasha. Mradi unaruhusu marekebisho ya taarifa kama yana muhuri wa kituo. Weka tu namba ya rejesta ya kila mama, ile ya kadi yake ya zamani ya kliniki, pembeni ya mji wake, ili mfumo usihesabu mtu mara mbili. Jina la mtu silihitaji. Nitaingiza mwenyewe kwa mkono wangu, halitaonwa na mtu mwingine. Mwisho wa marekebisho ni tarehe thelathini na moja Machi. Ukifika kwa wakati mtatoka kwenye nyekundu, na Jenifer atabaki.

Shangazi, kazi hii nimeisomea ili watu kama wewe waonekane. Niamini kwa hili.

Ngassa


Mwandutu,
20 Machi 2025

Mwanangu,

Daftari hilo hapo. Nimelifunga kwa bandeji kwa sababu bahasha zimekwisha.

Mwezi wa Februari ulipoishia nilikwishaamua kutolileta. Halafu wiki iliyopita Jenifer alizalisha mtoto wa miguu kutangulia, peke yake, mimi nikiwa nimelala na homa. Alinijia baadaye na chai, akaniuliza kama nimesikia lolote kuhusu mkataba, kwa sababu mama yake anamwuliza arudi nyumbani kulima mpunga au asubiri. Nikamwambia asubiri. Sasa nikishamwambia vile nifanyeje?

Nimekaa na daftari mchana kutwa Jumapili baada ya misa, naweka namba. Ni kina mama arobaini na watatu tangu Oktoba. Ishirini na mmoja bado hawajatangazwa, nao ndipo wasiwasi wangu ulipo. Hakuna aliyeniruhusu. Sikuwauliza, kwa sababu nikiwauliza watajua kwamba daftari lipo.

Kwa hiyo nakuomba kama mtu mzima anavyomwomba mtu mzima mwenzake. Wewe tu. Ukimaliza lirudi kwangu.

Shangazi yako,
Klementina


Bariadi,
4 Aprili 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Keti chini kwanza.

Mwandutu mmekuwa kijani. "Juu ya matarajio." Kati ya zahanati zote tulizonazo kwenye mradi mmeshika nafasi ya nne. Bosi amesimama kwenye kikao akasema hii ndiyo faida ya kuwa na vijana wanaoyajua mazingira, akanitaja jina. Tuzo yenu itaingia Mei na inatosha mkataba wa Jenifer mwaka mzima. Mwambie mama yake atafute mtu mwingine wa kulima mpunga.

Kuingiza data kulinichukua siku nzima ya tarehe thelathini, mfumo ulikuwa unasumbua, una visanduku vingi vya kujaza kabla haujakubali. Lakini vimejaa vyote.

Daftari nimelifunga kwa bandeji yako ile ile, kijana wa dawa anakuletea na barua hii. Sikumwonyesha mtu.

Wabeja sana kwa kuniamini.

Ngassa


Mwandutu,
24 Aprili 2025

Ngassa,

Jumamosi iliyopita watu walijaa juu ya jiwe kuliko kawaida, kwa sababu walikuwa wanangoja ujumbe wa chama cha msingi cha wakulima, pamba itaanza kununuliwa lini. Simu zikalia zote kwa pamoja. Kila mtu akadhani ni pamba. Aliyejua kusoma akasoma kwa sauti, na asiyejua akampa jirani yake amsomee.

"Hongera mama. Ujauzito wako una wiki 11. Hudhuria kliniki Zahanati ya Mwandutu. Huduma ni bure."

Salu alisoma ya kwake kwa sauti yake mwenyewe, mwanzo mpaka mwisho, mbele ya watu. Halafu akaisoma tena. Mama Salu alikuwa pale na ndoo yake. Alitua ndoo akaondoka. Ishirini na mmoja, Ngassa. Waliokwisha kutangazwa walipata pia, hao haikuwadhuru; walioanikwa nimewahesabu, ni wale wale ishirini na mmoja. Simu zenyewe si zao, wengi hawana simu. Namba zilizo kwenye kadi ni za waume, za mama wakwe, moja ni ya mwenye duka.

Jenifer alikuja mbio kunieleza. Ilibidi nimwambie habari ya daftari, kwa sababu alikuwa haelewi kwa nini watu wanatutazama vile. Hakunilaumu, alikaa tu kwenye benchi la wagonjwa akashika mikono yake.

Wanasema nimeuza mimba zao mjini. Hawanisemi usoni, wananiamkia kama kawaida, lakini wiki nzima hakuna aliyekuja kuomba chumvi.

Uliniambia jina la mtu hulihitaji. Sasa imekuwaje?

Klementina


Bariadi,
29 Aprili 2025

Shangazi,

Shikamoo. Nimepata barua yako na nimesikitika kupita kiasi.

Nimefuatilia ofisini. Inaonekana ni tatizo la mfumo. Namba ya rejesta imeunganishwa na kadi zao za zamani za kliniki, kwenye kadi kuna namba za simu, na ujumbe hutoka wenyewe bila mtu kubonyeza. Tangu Oktoba huduma ya ujumbe ilikuwa imesimama, imerudi katikati ya Aprili, ndiyo maana zikatoka kwa mkupuo. Nimeandika taarifa kwa watu wa kompyuta.

Kama utaona inafaa, tunaweza kuwatumia ujumbe mwingine wa kuomba radhi, kwamba ule wa kwanza ulitumwa kimakosa. Niambie tu, naweza kuuandaa leo.

Mwanao,
Ngassa


Mwandutu,
22 Mei 2025

Ngassa,

Usiwatumie chochote. Chochote. Ukiwatumia tena nitakuja Bariadi kwa miguu.

Nyanjige mimba imetoka. Mimi ni muuguzi, najua ujumbe wa simu hauharibu mimba, na huenda hii nayo ingeharibika tu kama zile mbili. Hilo naweza kulisema mbele ya padri. Lakini alianza kutokwa damu Jumatatu na hakuja. Stoo yangu ni hatua mia nne kutoka kwake, na hakuja. Jumatano jioni Salu ndiye aliyemleta, amemfunga kwa shuka mgongoni kwa mwenye pikipiki, hana hata rangi. Tulimwekea maji, Jenifer akaenda naye hospitali ya mjini akimshikilia njia nzima. Ameongezewa chupa tatu za damu. Yupo hai. Nilipomwuliza kwa nini hakuja Jumatatu, alinitazama akasema, "Ningekuja, ungeandika."



Tuzo imeingia wiki hiyo hiyo. Na cheti, kina fremu, na jina langu limeandikwa vizuri. Mwenyekiti alitaka tukitundike ukutani nikamwambia hatuna misumari. Tangu Aprili hakuna mwanamke hata mmoja aliyekuja chini ya miezi mitano. Wanaokuja ni wale ambao tumbo limeshajisema lenyewe, na wengine wameanza kupita hapa na kwenda mbali, wanatembea saa tatu ili wasipite mlangoni kwangu.

Ngassa, nimekulea miaka miwili mama yako alipokuwa anaumwa. Ulipokuwa unadanganya ulikuwa unaongea mengi kuhusu vitu vilivyofanyika vyenyewe. Chungu kimevunjika chenyewe, ndama amefunguka mwenyewe. Barua yako ya mwisho wa Aprili ni ya ndama. Niambie ukweli, nimechoka sana kuukisia.

Klementina


Bariadi,
3 Juni 2025

Shangazi,

Shikamoo.

Nilichukua siku nne kuandika barua hii na bado sijui niianzeje.

Mfumo haukubali kuhifadhi mstari wowote mpaka ujaze kisanduku kinachosema "mteja ameridhia kupokea ujumbe". Ukiweka hapana unadaiwa fomu yenye sahihi yake. Nilikuwa na mistari arobaini na mitatu, sina sahihi hata moja, na siku ya mwisho ilikuwa kesho yake. Nikaweka ndiyo. Ya kwanza nilisita. Ya pili kidogo. Kuanzia ya tano sikusoma tena, nilikuwa nabonyeza tu.

Nilijua maana yake. Nilijiambia ujumbe hautumwi, miezi sita ulikuwa hautumwi, basi hautatumwa. Nawe ulikuwa umeniandikia kwamba hakuna aliyekuruhusu, barua ilikuwa hapo mezani. Bosi hajui. Aliponipongeza nilisema asante.

Kuna jambo la pili, bora ulisikie kwangu. Modeli inajifunza kwa kila kinachoingia. Kwa daftari lako sasa inaamini Mwandutu wanakuja mapema, na robo hii inakisia arobaini na nane katika mia. Mtapata sifuri. Mtarudi nyekundu, tena nyekundu sana. Pesa iliyoingia Mei imefungiwa mpaka alama za Juni zitoke, hilo nalo nilikuwa silijui nilipokuahidi. Kwa hiyo mkataba wa Jenifer hautaongezwa.

Njia ipo. Wale kina mama wanaokuja sasa mwezi wa tano, naweza kuwarudisha nyuma kwa hesabu, niingize tarehe ambazo wangekuja kama mambo yangekuwa kama zamani. Si uongo mtupu, modeli yenyewe ndivyo inavyokisia. Mtabaki kijani na Jenifer atabaki. Sitasikia tena la mfumo wala la bosi. Niambie tu ndiyo, nitaifanya.

Naomba unisamehe, au kama huwezi, unitukane.

Ngassa


Mwandutu,
19 Juni 2025

Mwanangu Ngassa,

Mwangaluka. Anayekupa barua hii ni Jenifer mwenyewe. Amepanda na Mwandu, kesho anaendelea kwao Mkula. Mpe chakula cha maana, asubuhi hii hakula, na usimwulize mambo ya modeli.

Jibu langu ni hapana. Nimelifikiria, usidhani sikulifikiria. Nilimwita Jenifer nikamsomea barua yako yote, kwa sababu shingo iliyokuwa inakatwa ni yake. Nikamwambia akisema ndiyo nitakuandikia ndiyo. Alinisaidia kufunga madirisha. Halafu akasema, "Mama, hao wanawake wakija kweli siku moja, tutawaweka wapi, kama nafasi zao tumeshazijaza?" Nikakaa chini nikalia mbele yake, mtu mzima mimi. Akanisubiri nimalize, akaenda kuchemsha vifaa.

Kutukana sikutukani, sina nguvu. Ulibonyeza kwa sababu ulitaka nionekane, nami nilitoa daftari kwa sababu nilitaka kupumzika. Wanawake ishirini na mmoja wamelipa. Daftari nimelichoma jikoni. Wewe futa mistari yako yote arobaini na mitatu, na umwambie bosi wako kwa nini unaifuta. Akikufukuza, njoo nyumbani, baba yako anahitaji mtu wa ng'ombe. Akikubakiza, hicho kisanduku kiondolewe, au wewe ukae hapo uwe unasema hapana mpaka waletewe sahihi.

Tarehe nane, siku ya Jumapili, nilikwenda Lagangabilili kwa wazazi wa Nyanjige, alikokuwa amepelekwa kupona. Nilipiga magoti mbele ya mama yake. Nilipewa kigoda, nikapewa maji, Nyanjige akakaa ametazama ukuta mpaka nikaaga. Nikajua basi, hilo limekwisha. Wiki iliyofuata alirudi kwa Salu.

Jana mchana, wakati Jenifer anafunga mizigo yake, Nyanjige alisimama kwenye mlango wa nyuma. Hakuwa peke yake. Alikuwa na mdogo wake aliyeolewa mji wa pili hapa hapa kijijini. Hawakusalimia. Nyanjige alinyoosha mkono akaniambia, "Nipe kalamu."

Nikampa. Alitazama mfukoni kwangu kama kuna nyingine, akatazama mezani, akaikunja kwenye kiganja chake, akamwacha mdogo wake aingie stoo. Nilimpima. Nilimpa vidonge, akavifunga kwenye pindo. Sikuuliza wiki ngapi kwa sauti, alinionyesha kwa vidole. Muda wote huo Nyanjige alikuwa amesimama mlangoni ametugeuzia mgongo, na ile kalamu ngumini. Walipomaliza waliondoka nayo, nami sikuidai.

Kwa hiyo robo hii tupake nyekundu. Kuanzia kesho niko peke yangu, na mgongo ni ule ule. Kalamu ninayoandikia barua hii ni ya Jenifer, naye namrudishia mkononi nikimaliza mstari huu.

Shangazi yako,
Klementina